Mkono Mmoja, Madirisha Mawili

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Mtaalamu wa viungo pale hospitali ameniambia niandike kila siku kwa mkono wa kushoto ili uzoee, maana wa kulia kwa sasa ni pambo. Nikamuuliza niandike nini. Akasema chochote, hata matusi. Basi naanza na ile mashine ya kupiga pasi mashuka iliyouminya mkono wangu. Ilaaniwe, roli zake zote mbili za kukandamiza, pamoja na fundi aliyeambiwa kinga yake imelegea akajibu kesho.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Binti yangu ameuona mwandiko huu akacheka mpaka akakaa chini. Shukrani ya watoto hiyo.

Jumamosi, 9 Machi

Mama Pacha amekuja kunifulia, kama anavyokuja kila Jumamosi tangu niumie. Kwenye kiwanda cha kufulia mimi na yeye tulikuwa tunashika shuka moja, yeye pembe za kule, mimi pembe za huku, tunalinyoosha na kulilisha kwenye roli. Mashuka ya hoteli asubuhi, ya hospitali mchana. Ukishika shuka na mtu kwa muda mrefu hivyo, unajua kama kalala vibaya kabla hajakusalimia.

Mgongo wake mbovu. Hawezi kuinama, kwa hiyo anafua amekaa kwenye kigoda, beseni kalipandisha juu ya ndoo iliyofunikwa. Nikamwambia aache, nguo zenyewe chache. Akaniambia, "Wewe kaa hapo unipigie soga, mkono huna, mdomo unao." Nikampigia soga.

Fidia ya kuumia kazini inatoka kwa watu wa bima ya kiwanda, kila mwezi, na operesheni watalipa wao. Daktari mpasuaji amesema ifanyike kabla kovu halijakomaa. Likikomaa, vidole vitabaki vimekunjamana hivi hivi mpaka naingia kaburini. Mimi fidia sawa, nashukuru, lakini ninachokitaka ni vidole vyangu. Nataka kumsuka binti yangu mwenyewe. Sasa hivi anasukwa na jirani anayemvuta nywele kama anang'oa magugu.

Alhamisi, 14 Machi

Kiwanda kimefungwa. Juzi maji ya mvua yaliingia chumba cha boila, na leo mwenye mali ametuma neno kwamba hatatengeneza. Yametosha. Msimamizi wetu, yule tuliyempa jina la Filimbi kwa sababu haongei bila kwanza kuipuliza, alituita wote, hata mimi niliye nyumbani. Tulisimama uani tunalowana. Wanawake wengine wanalia, wengine wanauliza mishahara. Kibarua cha watu wote kimeota nyasi kwa mara moja.

Filimbi akasema twende ofisi ya kazi tukajiandikishe, tutapata mafao ya kukosa ajira mpaka tupate pengine pa kushika. Nikamuuliza, "Hata mimi ninayelipwa fidia, msimamizi?"

"Wewe si mfanyakazi wa hapa? Makato yako hayakukatwa? Nenda na wenzako."

Nimerudi nyumbani nimemwambia mume wangu. Yeye ni fundi wa kupaka rangi, na mvua ikinyesha hakuna mwenye nyumba anayepaka rangi, kwa hiyo naye yupo tu sebuleni anahesabu nyufa za dari. Akasema, "Nenda. Haki yako hiyo."

Jumanne, 19 Machi

Foleni ilianzia mlangoni ikazunguka jengo. Dirishani alikuwepo karani wa kike, hakuinua hata uso.

"Unatafuta kazi?"

"Ndiyo."

"Unaweza kufanya kazi?"

"Naweza."

"Ya aina gani?"

"Yoyote."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya koti la mvua, sikuuficha, ndipo unapokaa. Mama Pacha aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Yoyote? Hata kubeba zege?" Tukacheka. Na yeye alipofika dirishani akajibu vilevile, naweza, yoyote, na mgongo wake ule. Tukitoka akanitania, "Mwenzetu sasa unakula huku na huku." Nikamwambia akafie mbele.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua. Vidole vimevimba kidogo. Baridi.

Jumanne, 2 Aprili

Mafao yameingia. Nimemnunulia binti viatu vya mvua, na dawa ya kifua ya mume wangu. Ya Mama Pacha hayajaingia, wanasema jina lake limekosewa. Kanuna, nami nikajifanya nimechelewa.

Jumatano, 10 Aprili

Bwana wa bima alikuja nyumbani nami niko hospitalini kwenye mazoezi. Mume wangu ndiye aliyempokea. Anasema ni mtu mstaarabu, kafuta viatu mara mbili kabla ya kuingia, kanywa chai, wameongea mambo ya mvua.

"Hakuuliza kitu?"

"Atauliza nini? Kapita tu kukujulia hali."

Nikafurahi. Nikasema kumbe hata bima wana utu.

Alhamisi, 18 Aprili

Leo naandika kwa kukandamiza mpaka karatasi inatoboka.

Nimeitwa ofisini kwa watu wa bima. Nilivaa vizuri, nikajua naenda kupewa tarehe ya operesheni. Nikakaribishwa kiti. Yule bwana mstaarabu akaniuliza mkono unaendeleaje, nikamwambia haukunjuki, haushiki kikombe. Akaniuliza kama naweza kufanya kazi. Nikamwambia siwezi. Akaniuliza tena taratibu, kama mwalimu anayempa mtoto nafasi ya pili. Nikamwambia siwezi, bwana, kwani huoni?

Akasema, "Mbona ofisi ya kazi umewaambia unaweza kazi yoyote?"

Nilisikia mvua juu ya bati la ofisi yao, basi. Akaendelea kusema kwa sauti ile ile ya upole kwamba mtu anayeweza kazi yoyote mkono wake umepona, na mtu ambaye mkono wake umepona hahitaji operesheni. Fidia imesimamishwa. Operesheni imesimamishwa. Kama sikubaliani naweza kwenda kwa mwamuzi wa madai ya kazi. Akasimama kunifungulia mlango. Mtu ananikata mkono halafu ananifungulia mlango.

Nimetembea kwa miguu mpaka nyumbani, sikumbuki nimepita wapi. Najiuliza swali moja tu. Kwa nini nilisema yoyote? Hakuna aliyenifundisha, na sikukusudia kumdanganya mtu. Nilijibu kama mtu anayejibu salamu.

Swali la pili limekuja nikiwa navua viatu. Bima wamejuaje?

Jumamosi, 20 Aprili

Alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alisikia kila neno. Ndiye aliyesema nakula huku na huku. Na mafao yake hayajaingia, yangu yameingia.

Mama Pacha amekuja kufua kama kawaida. Nimemwambia binti aende mlangoni aseme sipo. Mtoto akanitazama. Nikamkata jicho, akaenda. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia, na kikohozi hiki cha mvua kikanishika palepale. Mama Pacha alisikia. Akamwambia binti, "Mwambie mama yako nimepita."

Kigoda chake bado kipo uani kinalowana.

Jumapili, 21 Aprili

Sijatoka.

Jumatano, 24 Aprili

Bombani leo walikuwepo wanawake wa kiwandani kama sita. Nimesema. Nimesema yote, kwamba yupo kati yetu anayeuza wenzake, na nikamtaja. Mmoja akauliza una hakika? Nikamjibu kwani nani mwingine alikuwepo, bima walisikia kwa upepo? Wakatikisa vichwa. Nilirudi na maji yangu nikijisikia nimetua mzigo. Mume wangu alikuwa ameketi mlangoni, nikamsimulia. Akasema, "Mama, hayo mambo yaache." Nikamwambia yeye ni mwanamume, hajui wanawake wanavyoweza kuumana. Akaingia ndani.

Jumanne, 30 Aprili

Leo ofisi ya kazi nao wamenisimamisha. Wamepata habari kwamba nalipwa fidia kwa kuwa siwezi kazi, na mtu asiyeweza kazi hastahili mafao ya kukosa kazi. Kwa hiyo dirisha la huku linasema mimi mgonjwa, dirisha la kule linasema mimi mzima, na kote wanakubaliana kwamba nisipewe kitu. Nilicheka mbele ya yule karani. Kwa mara ya kwanza aliinua uso.

Mafao ya Mama Pacha yameanza kuingia, nimesikia. Nikasema bila shaka, ndiyo malipo yenyewe.

Ijumaa, 3 Mei

Mpasuaji ameminya kovu kwa kidole gumba, akaguna. Anasema bado kidogo, lakini mwezi ujao asingependa. Nikamuuliza asingependa nini. Akasema asingependa kunidanganya.

Jumatatu, 6 Mei

Nimeandika tarehe nikakaa. Sijui nianzie wapi.

Chai ya asubuhi. Nilikuwa namwambia mume wangu kwamba tukifika kwa mwamuzi nitamtaja Mama Pacha, aitwe, aulizwe mbele ya watu alipewa nini. Akaweka kikombe chini. Akasema, "Ni mimi."

Sikumwelewa. Nikamuuliza ni wewe nini.

"Niliyemwambia yule bwana. Siku ile alipokuja."

Alisimulia akiangalia meza. Yule bwana alitazama sebule yetu, akamtazama yeye alivyokaa, akasema kwa utani, kwa hiyo siku hizi wote mpo nyumbani tu? Mume wangu akaona tumedharauliwa. "Nikaona anatuona wavivu," akasema. "Nikamwambia mke wangu si mtu wa kukaa. Ameshakwenda ofisi ya kazi, amewaambia anaweza kazi yoyote, hata kesho wakimwita. Nilikuwa nakusifu, mama. Wallahi nilikuwa nakusifu."

Nilimtazama mtu huyu niliyelala naye kitanda kimoja miaka hii yote nikaona kama nimeingia nyumba isiyo yangu. Si kwa sababu ya kusema. Kusema angeweza kusema hata binti. Nilimuuliza, "Na nilipokuwa namchafua Mama Pacha bombani, ulikuwa unajua?"

"Kila siku nilitaka kukwambia."

"Ulinisikiliza nikakusimulia. Ukaniambia niyaache."

Machozi yalikuwa yanamtoka, na mimi sikuwa na huruma hata ya kijiko. Nilitoka nikasimama uani kwenye mvua mpaka binti akanifuata na koti.

Jumanne, 7 Mei

Nimekwenda kwa Mama Pacha. Nimefika kwenye kona yake, nikaona nguo za watoto wake kwenye kamba chini ya paa, nikageuka. Nitakwenda kesho.

Jumatano, 8 Mei

Sikwenda.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua kubwa. Sikwenda. Hakuna anayefua, nguo zimelundikana. Mume wangu amejaribu, amechanganya nyeupe na za rangi. Sasa shati lake la kupakia rangi ndilo safi kuliko yote. Binti alicheka, mimi nikajizuia.

Jumatano, 15 Mei

Kwa mwamuzi. Niandike yote, hata ikinichukua mpaka kesho.

Chumba kidogo, mabenchi, watu wengi wanangoja kesi zao. Wanawake wetu wa kiwandani kama wanane walikuwepo, nao wana madai yao ya mishahara. Yupo wakili wa bima, yupo ofisa wa ofisi ya kazi, na upande wangu yupo bwana wa chama cha wafanyakazi ambaye nilimwona mara ya kwanza leo asubuhi. Mwamuzi ni mama mtu mzima, miwani kwenye kamba. Filimbi naye alikuwepo, kaitwa na bima aeleze nilivyokuwa kazini.

Bwana wa chama akaniambia mlangoni, "Shahidi wako amefika." Nikasema mimi sina shahidi. Akanionyesha. Alikuwa Mama Pacha, amekaa wima kwenye ncha ya benchi kwa ajili ya mgongo, mkoba magotini. Kumbe huyu bwana aliwauliza wanawake wa kiwandani nani anaweza kunisemea, na wote walinyamaza isipokuwa yeye. Nilitaka kwenda kumwambia neno, tukaitwa ndani.

Wakili wa bima alikuwa na maneno machache. Huku siwezi, kule naweza. Kati ya haya mawili moja ni uongo, na kwa vyovyote vile nimetafuna pesa ya watu. Filimbi akasema nilikuwa mfanyakazi mzuri, sikuwahi kukataa kazi, siku zote nilisema naweza. Wakili akatabasamu.

Akasimama Mama Pacha. Hakunitazama. Akamwambia mwamuzi, "Mheshimiwa, hilo neno si lake, ni la kiwanda. Kila asubuhi kabla ya roli kuwashwa tunapangwa mstari. Msimamizi anapita anauliza kila mtu, unaweza? Unajibu naweza. Ukinyamaza, au ukisema leo mkono unauma, unarudishwa nyumbani na siku hiyo hulipwi. Nimeona mwenye homa anasema naweza. Mwenye mimba ya miezi minane anasema naweza. Sasa dirishani mtu anakuuliza vilevile, nawe huna kazi. Utajibu nini?"

Mwamuzi akamgeukia Filimbi, akamuuliza kama ni kweli. Filimbi akasema ndiyo utaratibu wa kazi, mheshimiwa, ni wa kuhakikisha afya. Mwamuzi akasema, "Hebu uliza hapa kama unavyowauliza."

Filimbi alisita. Halafu mazoea yakamshika, akanyoosha mgongo, akatazama mabenchi na kusema kwa sauti ile ya asubuhi, "Unaweza?"

Tukajibu. Wote tulijibu, wale wanane, Mama Pacha, na mimi nimesimama pale mkono umefungwa shingoni. "Naweza." Lilitoka kabla sijajua. Karani aliyekuwa anaandika aliacha kuandika. Nilimwona Filimbi amekuwa mwekundu wa macho. Miaka yote hiyo sikuwahi kulisikia lile neno, nililisema tu.

Mwamuzi akavua miwani. Akaniambia nimweleze kwa utulivu ninachoweza na nisichoweza. Nikamweleza. Kwa kushoto naweza kukunja taulo, kuhesabu foronya, kupokea simu, kuandika vibaya. Kwa kulia siwezi kushika kikombe, siwezi kufunga kifungo, siwezi kusuka. Akasikiliza yote.

"Ungesema hivi dirishani, usingefika hapa," akasema. "Mwenye uwezo wa kazi nyepesi anaruhusiwa kupokea vyote viwili, kimoja kinapunguzwa kwa ajili ya kingine. Hukuambiwa?"

Hakuna aliyeniambia. Karani hakuuliza, bima hawakusema, Filimbi hakujua. Nilikuwa nimesimama mwezi mzima kwenye shimo ambalo halikuwepo.

Hapo wakili wa bima, nadhani kwa hasira tu, akamwuliza Mama Pacha swali la mwisho. "Na wewe mwenyewe dirishani ulisema unaweza kazi yoyote?"

"Ndiyo."

"Na unaweza?"

Ofisa wa ofisi ya kazi alikuwa ameketi hatua chache kutoka kwake, kalamu mkononi. Mama Pacha alimtazama yule ofisa, akamtazama wakili.

"Siwezi," akasema. "Mgongo wangu hauinami, na daktari sijawahi kumwona."

Uamuzi umetolewa mchana. Operesheni yangu ifanyike, bima walipe. Mafao yahesabiwe upya, kilichozidi kikatwe kidogo kidogo. Mume wangu, aliyekuwa benchi la nyuma, alinishika bega la kushoto, nikamwacha anishike. Nilipogeuka kumtafuta Mama Pacha alikuwa ameshaondoka.

Alhamisi, 16 Mei

Bombani nimesema tena. Nimewaambia nilimsingizia, na nimewaambia aliyesema ni mume wangu. Wamenitazama. Mmoja akasema, "Sawa, tumesikia," akainua ndoo yake akaenda.

Jumatano, 22 Mei

Mafao ya Mama Pacha yamefutwa. Wanasema aliyetamka mbele ya mwamuzi kwamba hawezi kazi yoyote, na hana cheti cha daktari, basi dirishani alitoa taarifa isiyo ya kweli. Mkono wangu uliumia kwenye mashine, una cheti na picha. Mgongo wa kushika mashuka miaka yote hauna.

Nilimwambia bwana wa chama alisimamie hili. Akasema atajaribu. Namjua mtu anaposema atajaribu.

Jumatano, 29 Mei

Kesho asubuhi napasuliwa. Naogopa.

Jumanne, 4 Juni

Nimetoka. Mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Mpasuaji anasema kovu lilikuwa limeanza kushika kidole cha mwisho, hicho hakiahidi, vingine vinne vitarudi nikifanya mazoezi.

Jumamosi, 8 Juni

Jua tangu asubuhi. Uani tope limeanza kukauka.

Mama Pacha amekuja. Amesimama mlangoni na sabuni yake. Nilimkaribisha ndani, akakataa, akasema nguo zianikwe kabla jua halijapanda. Akakaa, akapandisha beseni, akaanza kufua. Nilikaa karibu yake. Nikamwomba radhi, maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yakanitoka ovyo, kulia juu ya kucheka. Akasema, "Yamekwisha, dada. Nipe hilo shati."

Nikampa. Baadaye nikamuuliza kitu ambacho kimenikosesha usingizi tangu mafao yake yafutwe. Pale kwa mwamuzi, alijua yule ni ofisa wa ofisi ya kazi?

"Nilijua. Yule bwana wa chama alinionyesha kabla hatujaingia. Akanionya."

"Na ulikuwa unajua nimekutangaza bombani."

"Nani hakujua?"

"Sasa mbona ulisema?"

Alikamua shati, akalikung'uta, akanipa pembe moja nimshikie kwa mkono wa kushoto tulinyooshe.

"Ungekuwa wewe," akaniuliza, "usingenisemea?"

Alikuwa ananitazama usoni, bila hasira, anangoja. Nilitaka kusema ningekusemea, lilikuwa limeshafika mdomoni kama lile naweza, nikalirudisha. Nilishika ile pembe ya shati mpaka ikanikauka mkononi.